Kazi Ndogo, Sauti ya Chini na Sahani Moja: Malezi Yanavyomfundisha Mtoto Kuishi na Watu

Mtoto wa miaka minne anayelelewa Ikinga, kwenye vilima vya Ileje, akiamka asubuhi hukuta nyumba imeshachangamka. Bibi yuko jikoni anachochea moto, dada anafagia uwanja, binamu anafungulia mbuzi. Kabla hajapata uji wake ameshawaamkia wakubwa wote wa pale nyumbani, na pengine ameshatumwa kwa jirani kuomba chumvi. Mwenzake wa umri huohuo anayelelewa Tunduma, kwenye chumba cha kupanga, akiamka hukuta mama ameshawahi sokoni na baba yuko njiani na lori upande wa Zambia. Aliyebaki naye ni binti wa kazi, mwenye ndoo ya nguo za kufua, na televisheni imewashwa ili mtoto atulie.

Wote ni watoto wa mkoa wetu wa Songwe, na wazazi wa pande zote mbili wanawapenda na kuwahangaikia. Hata hivyo kila mmoja anafundishwa namna yake ya kuishi na watu. Hakuna aliyemkalisha kitako akamfundisha. Mwenendo wa nyumba ndio unaomfundisha: nani yuko karibu naye, anatumwa nini, anasemeshwa vipi, anakula na nani, na akikosea anafanywaje.

Makala haya nawaandikia wazazi, mabibi, mashangazi na walezi wote wenye watoto wasiozidi miaka minane. Umri huo ndio uliolengwa na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo serikali yetu iliizindua Desemba 2021. Ninachotaka mzazi akichukue ni hiki: mtoto huwa mtu wa watu pale anapopewa nafasi ya kuwafaa watu, na anaporekebishwa na watu wasiomtisha. Nusu ya jambo hilo tunayo tayari katika desturi zetu na tunaanza kuipoteza. Nusu nyingine hatunayo ya kutosha, na inabidi tujifunze.

Tulichonacho tayari

Miaka ya 1950, watafiti wakiongozwa na Beatrice na John Whiting waliwachunguza watoto wa jamii sita duniani: Nyansongo katika nchi ya Wagusii huko Kenya, na nyingine za Meksiko, Ufilipino, Okinawa nchini Japani, India na Marekani. Matokeo kuhusu watoto hao yalitoka kitabuni mwaka 1975. Watoto wa Nyansongo, waliokuwa wakichota maji, kuokota kuni, kuchunga ng'ombe na kuwatunza wadogo zao tangu wakiwa wadogo, walikuwa wepesi wa kusaidia, kutoa na kumjali mwingine. Watoto wa mji wa Marekani, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kupanga vitu vyao wenyewe chumbani, walizidi katika kutaka waangaliwe na wasaidiwe.

Watafiti hao walisisitiza tofauti ya kazi zenyewe. Mtoto aliyechota maji anaona mama akiyapikia. Aliyembeba mdogo wake anamwona akinyamaza. Anatambua kwamba mikono yake ina faida kwa mtu mwingine, na akili hiyo anaondoka nayo hata akienda kucheza. Mtoto anayekunja shuka lake peke yake hajaonja hilo.

Huko Oyugis, katika nchi ya Wajaluo nchini Kenya, mtafiti Carol Ember alikuta familia zisizokuwa na mabinti wa kutosha, zikawapa wavulana kazi za ndani: kupika, kuosha, kulea mtoto. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1973, wavulana hao walikuwa na ugomvi mdogo na moyo wa kusaidia mkubwa kuliko wavulana waliosamehewa kazi hizo.

Upande wetu, watafiti Godfrey na Monica Wilson waliishi na majirani zetu Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu kuhusu vijiji vyao vya rika. Mvulana alichunga pamoja na wenzake tangu mdogo, na alipokaribia miaka kumi au kumi na moja alihamia kwenye vibanda ambavyo vijana wa rika lake walijijengea. Chakula walirudi kula kwa mama zao, lakini hawakurudi mmoja mmoja. Walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kukaa vizuri na wenzako, kuongea nao kwa heshima na kugawana chakula kulihesabiwa kuwa ndiyo shule ya utu. Mchoyo na mkorofi hakuwa na pa kwenda, kwa sababu kila siku alihitaji wenzake.

Vijiji hivyo havitarudi, wala siombi virudi. Lakini msingi wake upo bado kwa Wandali, Walambya, Wamalila, Wanyiha na Wanyamwanga, popote ambapo mtoto hutumwa na kula pamoja na wenzake. Mzazi wa Ikinga asione haya kwamba mtoto wake anafagia na kumbembeleza mdogo wake huku wa mjini akiangalia katuni. Anampa mtoto wake kitu cha thamani.

Tunachopaswa kukirekebisha

Wakati huohuo, utafiti wa akina Whiting unaonyesha upande wa pili, na sisi tusiufumbie macho. Jamii zilizokuwa na koo kubwa na mamlaka makali ya wakubwa, Nyansongo ikiwamo, zilikuwa na watoto waliowakaripia na kuwashambulia wenzao zaidi kuliko watoto wa jamii zenye familia ndogo, ambao walikuwa na uchangamfu na ukaribu zaidi. Mtoto aliyejifunza kusaidia alijifunza pia kuamrisha kwa ukali, kwa kuwa alivyotumwa ndivyo alivyowatuma wengine.

Kwetu ukali huo huja na fimbo. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa nchini. Asilimia 95 walikuwa wameshaadhibiwa kwa kupigwa. Waliopigwa zaidi na wazazi au walezi wao ndio waliokuwa na ugomvi na ukorofi zaidi, na moyo wa kuwasaidia wengine ulikuwa mdogo kwao. Utafiti wa namna hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha kipi kilitangulia, kipigo au ukorofi. Lakini kama fimbo ingekuwa dawa, waliocharazwa zaidi wangekuwa wapole zaidi, na haikuwa hivyo.

Wapo watakaonijibu kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli. Inatuonya tusiogope kumnyima mtoto asichostahili. Fimbo haikuitaja popote. Unaweza kumkatalia mtoto akalia mpaka akachoka, ukabaki na msimamo wako, na usimguse kwa mkono.

Tuseme wazi pia kwamba ukimya na adabu ni vitu viwili. Mtoto anayenyamaza baba akiingia, kisha akampiga mdogo wake baba akitoka, hajajifunza heshima. Amejifunza kupima nani ana nguvu kuliko nani. Na mtoto aliyezoeshwa kumtii kila mtu mzima bila kuuliza ni rahisi kudhuriwa na mtu mzima mwenye nia mbaya.

Ushauri wa kwanza: mpe kazi ndogo yenye faida kwa mwingine

Anza akiwa na miaka miwili au mitatu, wakati yeye mwenyewe anang'ang'ania kusaidia. Usimfukuze jikoni kwa kuwa anachelewesha kazi. Mpe kikombe cha bati ampelekee babu. Mpe punje awarushie kuku. Mwache aambue maharage machache pembeni yako. Akifika miaka minne au mitano, afagie sehemu yake ya uwanja, apange sahani, amchezeshe mdogo wake wewe ukiwa unawaona. Akiwa na miaka sita hadi minane anaweza kuchota maji kwa kidumu kidogo, kuosha vyombo na kupalilia mstari mmoja wa mahindi.

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, mtoto aone nani amefaidika: "Babu amekunywa maji uliyompelekea, kiu imemwisha." Sentensi hiyo inazidi pipi na inazidi pesa. Pili, kazi za ndani zigawiwe wavulana na wasichana sawasawa. Mvulana aliyesamehewa kubembeleza mtoto amenyimwa somo la kuhurumia. Tatu, kazi isiwe utumikishaji. Kumwachia mtoto wa miaka sita kichanga kutwa nzima, kumtuma avushe mizigo mpakani, kumwamsha akauze karanga kwenye foleni ya malori, au kumkosesha shule ili achunge, hayo ni mateso. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi tu.

Ushauri wa pili: mrekebishe kwa sauti ya chini

Kati ya mwaka 1963 na 1965, mtafiti Jean Briggs aliishi na familia ya Wainuiti kwenye baridi kali ya kaskazini mwa Kanada, na mwaka 1970 akaandika kitabu kuhusu maisha hayo. Wazazi wale hawakuwafokea watoto wadogo. Kwao mtu mzima anayemkasirikia mtoto amejishusha akawa mtoto. Waliamini kuwa akili ya mtoto hukua kwa kuona wakubwa waliotulia.

Tujaribu hilo hapa. Chukua mfano: mtoto wako wa miaka minne amemng'ata mtoto wa jirani kwa sababu ya mpira. Usipige kelele ukiwa mlangoni. Nenda mpaka alipo, chuchumaa, mshike mikono ili asiendelee. Muangalie kwanza aliyeumia, mfute machozi, na mwanao akuone ukifanya hivyo. Kisha sema maneno machache: "Hatung'ati watu. Mwenzako ameumia, ona alama hii." Muulize alichokitaka na umsikilize, hata mwenye kosa ana maneno. Mwoneshe la kusema siku nyingine: "Sema, naomba na mimi nicheze." Halafu atengeneze alichoharibu: akalete maji ya kuosha pale alipong'ata, au amrudishie mwenzake mpira. Akikataa, akae kando yako bila kucheza mpaka atulie, kisha mrudi mlipoachia.

Utalirudia somo hilo mara nyingi, na si kwamba umeshindwa. Mtoto wa umri huo hajakomaa kujizuia. Wewe ndiye kizuizi chake mpaka chake kikue.

Ukikasirika sana, ondoka kwanza. Mwachie mwenzako, bibi au jirani, nenda kapate hewa. Jambo litasubiri dakika chache.

Ushauri wa tatu: kuleni pamoja, mfundishe kusubiri

Watafiti wa Ujerumani, wakiwamo Bettina Lamm na Heidi Keller, waliwalinganisha watoto wa miaka minne wa Kijerumani na watoto wa Wanso wa vijijini Kamerun. Kila mtoto aliwekewa kitafunwa kimoja kitamu na kuambiwa kuwa asipokila mpaka mtu mzima arudi, atapewa cha pili. Karibu watoto 7 kati ya 10 wa Wanso walisubiri, wengine hata wakasinzia kitini. Wa Ujerumani hawakufika 3 kati ya 10. Mama wa Kinso humzoesha mtoto tangu mchanga kutulia na kufuata utaratibu wa wakubwa, na humtimizia haja yake kabla hajaanza kulia. Mama wa Kijerumani alielekea kufuata matakwa ya mtoto na kumwachia achague.

Sisi tuna chombo kizuri cha kufundishia kusubiri, nacho ni sinia. Mnaponawa kwa zamu, mnapomngoja bibi aketi, mtoto anapomega tonge upande wake bila kuvamia mboga ya mwenzake, anajifunza kujizuia mara mbili au tatu kila siku. Kumwekea kila mtoto sahani yake mbele ya televisheni kunamnyima mafunzo hayo. Kama shughuli zenu za mchana haziwakutanishi, basi mlo wa usiku uwe wa pamoja, na simu zikae mbali.

Kusubiri kuna sharti moja: mtu mzima atimize ahadi. Mtoto aliyeambiwa "nitakuletea" na hakuletewa, akirudiwa hivyo mara nyingi, atanyakua kilichopo, na atakuwa ametumia akili.

Ushauri wa nne: ongea naye na umsikilize

Hapa ndipo wengi wetu tumepungukiwa. Tunawatuma watoto, tunawakataza, tunawasalimia, lakini mazungumzo nao ni haba. Mtoto asiye na maneno ya kusema kilichomuudhi atasema kwa ngumi na meno.

Mpe maneno hayo, kwa Kindali, Kinyamwanga, Kinyiha au Kiswahili, lugha yoyote inayokutoka moyoni. "Umekasirika kwa sababu kaka amekunyima." "Unaona wivu mama akimnyonyesha mtoto." Muulize jioni: leo umecheza na nani, nani alilia, ulifanyaje? Na hadithi za jioni zirudi. Bibi akisimulia sungura alivyomhadaa fisi, mtoto anajifunza kukisia kilicho moyoni mwa mwingine, nani kadanganywa, nani kaumia, na anajifunza hayo akiwa salama.

Kumsikiliza mtoto huanza mapema kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1954 na 1955, mtafiti Mary Ainsworth aliwatembelea akina mama 26 wa Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Wale waliojua ishara za watoto wao wachanga na kuziitika walikuwa na watoto wenye imani, walioweza kumwacha mama wakaenda kuchunguza dunia na kumrudia. Kumchukua mtoto mchanga anapolia hakumharibu. Kunamjengea imani kwa watu.

Katika maneno utakayompa, ongeza neno "sitaki". Mtoto ajue kuwa heshima kwa mkubwa haimlazimishi kukubali kushikwa sehemu za siri, wala kutunza siri ya mtu mzima. Likitokea jambo, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure, na lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Ushauri wa tano: waache watoto wacheze pamoja

Mwaka 1989 mtafiti Joseph Tobin na wenzake walichapisha kitabu kilicholinganisha shule za awali za Japani, China na Marekani. Katika shule moja ya Kyoto, mwalimu aliwaacha watoto wagombane na kupatana wenyewe huku akiwatazama, jambo lililowashangaza Wamarekani wengi. Alitaka kundi lijifunze kumrudisha mkorofi.

Watoto wa Ikinga wanayo nafasi hiyo bila mwalimu, kwa kuwa wana uwanja na rika. Mzazi asikimbilie kila ugomvi, wala asigombane na jirani kwa sababu ya ugomvi wa watoto. Mara nyingi wao huwa wameshapatana wakati wakubwa bado wamenuniana. Ingilia pale mmoja anapoumizwa, mkubwa anapomwonea mdogo, wote wanapomtenga mmoja, au ikishikwa silaha. Vinginevyo kaa karibu, tazama.

Kwa wazazi wa Tunduma

Mji wa mpakani una biashara isiyolala, na simlaumu mama anayerauka wala baba anayekaa wiki kadhaa barabarani. Lakini mkono mmoja haulei mwana, na kama ukoo uko mbali, mikono mingine itafutwe kwa makusudi.

Binti wa kazi ndiye anayekaa na mwanao saa nyingi kuliko wewe, kwa hiyo mtendee kwa heshima. Ukimfokea mbele ya mtoto, mtoto atajifunza kuwa wapo watu wa kufokewa. Mkubaliane naye mambo machache: mtoto hapigwi, hatishwi, anakula mezani au mkekani pamoja na wengine, anatoka nje kucheza, katuni zina muda wake. Wapangaji wa nyumba moja mnaweza kupeana zamu ya kuwaangalia watoto wakicheza uani. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinasaidia, lakini nenda ukakae hapo kwa muda kabla ya kumwandikisha, usikilize watoto wanavyosemeshwa. Baba aliye safarini apige simu na aongee na mtoto mwenyewe, amuulize habari za siku. Akirudi, amwogeshe, amlishe, amchukue waende wote kunyoa. Na likizo ikifika, ukiweza, mpeleke mtoto kijijini akaishi na bibi na binamu zake, baada ya kuhakikisha nani atakayelala naye na nani atakayemwangalia.

Wazazi wa Ikinga na wa Tunduma, kuanzia leo jioni fanyeni mambo matatu. Mpeni mtoto kazi moja itakayomfaa mtu mwingine. Kaeni naye kwenye chakula. Na akikosea, mfuateni mpaka alipo mkamrekebishe kwa sauti ya chini, bila fimbo. Yote matatu hayagharimu senti, na mtoto anayelelewa hivyo ndiye tutakayefurahi kuwa naye kama jirani, mwenzi na kiongozi.